UZI: Fangasi kwa aliyepandikizwa figo – takrolimasi siku ya kuanza dawa ya fangasi na siku ya kuiacha

#1 Mfamasia_Wodini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaohudumia waliopandikizwa figo: madaktari, manesi, wafamasia, watu wa maabara, na ndugu wanaoshika daftari la dawa nyumbani. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma kufuata 2018, wagonjwa hawa hawako tena kwa wachache waliotoka India. Wako mikoani, na wakiugua wanaanzia hospitali ya karibu, ambako anayewapokea huenda hajawahi kuandika takrolimasi, dawa inayoshusha kinga ili mwili usiikatae figo mpya.

Naanza na jambo ninaloona linapoteza figo nyingi kuliko fangasi yenyewe. Dawa za fangasi za kundi la azoli (flukonazoli, itrakonazoli, vorikonazoli, posakonazoli) huzuia kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP3A4. Takrolimasi huvunjwa na kimeng'enya hichohicho. Kikizuiwa, takrolimasi inajaa kwenye damu: mikono inatetemeka, kichwa kinauma, kreatinini inapanda, potasiamu inapanda, sukari inapanda, na ikizidi sana mgonjwa anapata degedege. Hilo wengi wanalijua. Linalosahaulika ni upande wa pili: siku azoli inapoachwa, kimeng'enya kinarudi kazini, takrolimasi inaporomoka, na mwili unaanza kuikataa figo kimyakimya, bila homa wala maumivu.

Chukueni mfano wa mgonjwa wa kilo 60 anayemeza takrolimasi mg 4 asubuhi na mg 4 jioni, kipimo chake kabla ya dozi ni 7 ng/ml.

Akianza flukonazoli mg 400 kwa siku, punguza takrolimasi kwa takriban asilimia 40, yaani mg 2.5 mara mbili, siku hiyohiyo. Akianza itrakonazoli, iwe nusu, mg 2 mara mbili. Akianza vorikonazoli au posakonazoli, ibaki theluthi moja: mg 1.5 asubuhi na mg 1 jioni, au mg 1 na mg 1 ikiwa kiwango kilikuwa juu tangu mwanzo. Isavukonazoli haizuii kwa nguvu hiyo. Wengi huiacha dozi ilivyo au hupunguza kidogo, kisha wanafuata kipimo. Anayetumia siklosporini (nayo ni ya kulinda figo isikataliwe, kama sirolimasi) akipewa vorikonazoli anabaki na nusu ya dozi yake. Anayetumia sirolimasi asipewe vorikonazoli wala posakonazoli.

Hizo ni hatua za kuanzia tu. Pima takrolimasi kabla ya kuanza azoli, siku ya 3, siku ya 6 au 7, kisha mara mbili kwa wiki hadi itulie. Kuna sababu ya ziada kwa watu wetu: Waafrika wengi wamerithi aina ya CYP3A5 (kimeng'enya ndugu wa CYP3A4) inayofanya kazi, ndiyo maana wanahitaji takrolimasi nyingi kuliko jedwali la kitabu cha Ulaya linavyosema. Azoli hazimzuii CYP3A5 kwa nguvu ileile zinayomzuia CYP3A4, kwa hiyo ukipunguza kwa theluthi mbili bila kupima, huyu anaweza kushuka mno badala ya kupanda.

Karibuni. Nataka tuingie kwenye kriptokokasi (fangasi anayeshambulia mapafu na utando wa ubongo) kwanza, kwa sababu ndiyo tunayokutana nayo zaidi.

#2 SistaWaZamuUsiku

Asante mfamasia. Naomba nianze na amfoterisini B, dawa ya fangasi ya dripu, kwa sababu makosa yake yanatokea mkononi mwetu sisi manesi.

Kuna aina mbili ambazo kabatini zinakaa jirani, na zote kichupa kina mg 50. Ya kawaida (deoksikoleti) dozi yake ni mg 0.7 hadi 1 kwa kilo, na kamwe isizidi mg 1.5 kwa kilo. Ya liposomu ni mg 3 hadi 4 kwa kilo kwa kriptokokasi, na zaidi kwa fangasi wengine. Ukisoma agizo la "amfoterisini mg 180" ukachukua vichupa vya ile ya kawaida, unaweza kumuua mgonjwa. Daktari akiandika bila kutaja aina, msirudi kwenye meza ya dawa mpaka aandike.

Kuchanganya ya liposomu: kila kichupa weka ml 12 za maji ya sindano (siyo dripu ya chumvi, yaani saline), tikisa kwa nguvu sekunde 30 hadi uone maziwa ya njano yasiyo na mabonge. Sasa kila ml ina mg 4. Kwa kilo 60 na mg 3 kwa kilo ni mg 180, yaani ml 45, vichupa 4. Vuta ml 45, zipitishe kwenye kichujio kinachokuja na boksi, ingiza kwenye dekstrosi 5% ya ml 100. Dripu iende saa 2.

Ya kawaida: ml 10 za maji ya sindano kwa kichupa, kisha ml 10 za dekstrosi 5% kwa kila mg 1. Mg 50 zinataka ml 500. Iende saa 4 hadi 6, isikimbizwe hata kama zamu inaisha, kwa sababu ikienda haraka potasiamu inaruka na moyo unaweza kusimama.

Zote mbili hazipatani na chumvi. Mgonjwa anapewa lita 1 ya dripu ya chumvi kabla ya dawa ili kulinda figo, na ni sahihi, lakini laini ileile isipooshwa kwa dekstrosi kabla ya kuunganisha, dawa inatengana ndani ya mpira. Utaona vipande vyeupe. Osha tena na dekstrosi dripu ikiisha.

Dakika 5 za kwanza za ile ya liposomu simama pale. Wengine wanapata maumivu ya kifua, kiuno au kukosa pumzi. Simamisha, mpe dawa ya mzio, kisha anza tena polepole.

#3 Nefro_Kanda

Sista ameeleza vizuri sana. Naongeza mambo mawili ya figo.

La kwanza, DIKLOFENAKI. Mgonjwa anatetemeka kwa homa ya amfoterisini, au kichwa kinamuuma kwa kriptokokasi, mtu anachoma diklofenaki mg 75 kwa mazoea. Amfoterisini inabana mishipa ya figo, takrolimasi inabana mishipa hiyohiyo, halafu wewe unaongeza dawa ya tatu. Toeni parasetamo gramu 1. Mtetemo mkali wa amfoterisini unatulizwa na pethidini mg 25 kwenye mshipa. Jentamaisini nayo kaeni nayo mbali.

La pili ni potasiamu. Mwongozo wa kriptokokasi tulioufundishwa kwa wagonjwa wa VVU unatoa vidonge vya potasiamu kwa kila anayepata amfoterisini, maana inamwaga potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Aliyepandikizwa yuko tofauti: takrolimasi inazuia potasiamu isitoke, septrini ya kila siku nayo inazuia. Anaweza kuanza matibabu akiwa na potasiamu 5.4 na kufika wiki ya pili akiwa na 2.9. Hakuna kutoa kwa mazoea na hakuna kunyima kwa mazoea. Pima siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku moja, pamoja na kreatinini na magnesiamu. Potasiamu ikikataa kupanda ingawa unaitoa, angalia magnesiamu. Ikiwa chini, hiyo ndiyo ya kurekebisha kwanza.

#4 DaktariWilaya

Wakuu, swali. Sasa hivi kwa VVU tunatoa amfoterisini ya liposomu dozi moja tu ya mg 10 kwa kilo, pamoja na flusaitosini (dawa nyingine ya fangasi, ya vidonge) siku 14 na flukonazoli mg 1200. WHO walilipitisha 2022 baada ya utafiti wa AMBITION. Dozi moja ni rahisi, na figo inapumzika. Kwa nini tusimpe hivyohivyo aliyepandikizwa?

#5 Nefro_Kanda

Mkuu, swali zuri, na ushawishi wake naujua. AMBITION ulifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na wote walioingia walikuwa na VVU. Mtu wa VVU baada ya wiki chache anaanzishiwa au kurudishiwa ARV na kinga inapanda. Huyu wetu kinga tunaishusha kwa makusudi kila asubuhi na jioni na tutaendelea kuishusha, na dozi hiyo haijathibitishwa kwake. Halafu flukonazoli mg 1200 kwenye damu yenye takrolimasi ni mzigo mwingine kabisa.

Kwa aliyepandikizwa, mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi au maambukizi yaliyosambaa, mpango uliokaa kwenye miongozo ni huu: amfoterisini ya liposomu mg 3 hadi 4 kwa kilo kila siku pamoja na flusaitosini mg 100 kwa kilo kwa siku, angalau wiki 2. Kisha flukonazoli mg 400 hadi 800 kwa wiki 8. Kisha mg 200 hadi 400 kwa miezi 6 hadi 12. Flusaitosini ikikosekana, amfoterisini inaendelea wiki 4 hadi 6, siyo 2.

Ukibanwa, yaani uko na vichupa vya dozi moja tu na gari la rufaa halijapatikana, kumpa ile mg 10 kwa kilo na flusaitosini huku ukipiga simu ni bora kuliko kumwanzishia flukonazoli peke yake. Hayo ni maoni yangu, na ni kwa dharura.

#6 Mfamasia_Wodini

Naunga mkono. Kuhusu flusaitosini: kwa kilo 60 ni mg 1500 kila saa 6, vidonge 3 vya mg 500. Lakini inatoka kwa figo, na wagonjwa wetu wana figo moja inayofanya kazi, mara nyingi nusu nguvu. Uchujaji wa figo ukiwa kati ya ml 20 na 40 kwa dakika, mg 1500 kila saa 12. Kati ya 10 na 20, mara moja kwa siku. Amfoterisini ikipandisha kreatinini katikati ya wiki na hakuna anayerudi kurekebisha flusaitosini, uboho (unaotengeneza damu ndani ya mifupa) unakauka.

Na kumbukeni yuko tayari kwenye mikofenoleti au azathioprini (nazo ni za kushusha kinga), pengine na valgansaiklovia (dawa ya virusi). Zote zinagonga uboho. Picha nzima ya damu mara mbili kwa wiki. Neutrofili (chembe nyeupe za kinga) zikishuka chini ya 1.0 × 10⁹/L, mikofenoleti isimame kwanza na flusaitosini ipunguzwe, msisubiri jumatatu.

#7 Maabara_Kilosa

Naomba nisaidie upande wa vipimo, maana sampuli nyingi zinafika zimeharibika.

Takrolimasi hupimwa kwenye damu nzima, kichupa cha kofia ya zambarau chenye EDTA. Ukileta kofia nyekundu hakuna jibu. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya jioni, KABLA ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa akimeza saa 1 asubuhi ukamtoa damu saa 3, utaona 18 na utapunguza dawa ya mtu ambaye yuko sawa. Kwenye fomu andika saa aliyomeza mara ya mwisho na saa damu ilipotoka, na jina la dawa ya fangasi na tarehe iliyoanza. Anayesoma majibu bila hiyo tarehe anasoma namba tupu.

CrAg (kipimo cha antijeni ya kriptokokasi) ya ukanda: tone moja la kimiminika cha kit, mikrolita 40 za seramu au maji ya uti wa mgongo, chovya ukanda, soma baada ya dakika 10. Mistari miwili ni chanya hata kama mmoja umefifia. Kwa aliyepandikizwa, CrAg hasi ya damu haifuti kriptokokasi iliyojificha kwenye pafu peke yake, kwa hiyo kama kuna kivimbe kwenye picha ya kifua, endeleeni kutafuta.

Tishu inayoshukiwa mukori (fangasi wa nyuzi anayeua nyama haraka), msiisage. Nyuzi zake hazina kuta za ndani. Ukisaga zinapasuka na hakitaota kitu. Ikatwe vipande vidogo kwa wembe safi na iletwe kwenye chumvi, siyo fomalini. Kipande kingine ndicho kiende fomalini kwa patholojia.

#8 DaktariWilaya

Shukrani mkuu wa maabara. Na presha ya maji ya uti wa mgongo kama hamna manometa?

#9 Nefro_Kanda

Alale ubavu, miguu uilegeze baada ya sindano kuingia; akikunja sana tumbo presha inapanda ya uongo. Unganisha mpira safi wa dripu kwenye sindano, usimamishe wima, pima kwa rula kutoka usawa wa sindano hadi maji yanapokoma. Sentimita 25 au zaidi, toa maji hadi ifike 20 au chini, au nusu ya ilivyokuwa kama ilikuwa juu sana. Rudia kila siku hadi ikae chini siku 2 mfululizo. Mtu akianza kupoteza macho au kusikia ukiwa unasubiri dawa ifanye kazi, tatizo ni presha, na sindano ndiyo tiba. Asetazolamaidi na manitoli hazisaidii hapa. Kama kuna udhaifu wa upande mmoja au fahamu zimeshuka sana, CT kwanza.

Homa isiwe sharti la kumshuku. Prednisoloni inaificha. Kichwa kinachouma wiki mbili kwa mtu aliyepandikizwa mwaka mmoja au miwili iliyopita kinatosha kuomba CrAg.

#10 Fizishani_Pwani

Hapa naomba tujadiliane kidogo. Nefro, hujagusa kupunguza dawa za kinga. Msimamo wa wengi wodini ni "simamisha zote, okoa maisha". Mimi sikubali kwa kriptokokasi.

Ukikata zote kwa mkupuo, kinga inarudi kwa hasira. Wiki ya 4 hadi ya 6 kichwa kinaanza upya, tezi zinavimba, maji ya uti wa mgongo hayaoti kitu tena, na mtu anadhani dawa imeshindwa. Figo nayo inaweza kukataliwa palepale. Punguza kwa ngazi: steroidi kwanza, hadi prednisoloni ya mg 5 hadi 7.5, mikofenoleti ipungue nusu au isimame kama maambukizi ni makali, takrolimasi ibaki, kwa kiwango cha chini cha lengo. Takrolimasi yenyewe inamzuia kriptokokasi kwa kiasi, kwani fangasi naye anahitaji kalsinyurini (protini inayozuiwa na takrolimasi) ili aishi kwenye joto la 37. Kuikata ya kwanza ni kukosea mpangilio.

#11 Nefro_Kanda

Kwa kriptokokasi nakubaliana nawe, ila kusimamisha mikofenoleti kwangu siyo "kama". Akiwa na homa ya uti wa mgongo naisimamisha siku ya kwanza, hasa flusaitosini ikiwa ndani. Steroidi napunguza polepole zaidi yako, kwa sababu mtu aliyemeza prednisoloni mwaka mzima tezi zake za juu ya figo zimelala.

Na kwa mukori sheria inabadilika. Pale nakata kwa nguvu, hata kwa gharama ya figo.

#12 Fizishani_Pwani

Kwa mukori hatutofautiani. Wacha niueleze, maana unaua haraka.

Mtu wa kisukari, wengi wamekipata baada ya kupandikizwa kwa sababu ya takrolimasi na steroidi. Uso umevimba upande mmoja, pua imeziba, jicho linasukumwa nje, ndani ya pua au kwenye kaakaa kuna doa jeusi. India waliona wimbi kubwa la ugonjwa huu 2021 wakati wa korona, sukari na steroidi zikiwa juu kwa pamoja. Wagonjwa wetu waliopandikizwa nje na kurudi mapema, wakianza homa au maumivu juu ya figo mpya, wafikirieni fangasi wa nyuzi kwenye figo yenyewe au mshipa wake. Kandida naye anaweza kuingia na maji ya kuhifadhia figo akaoza mshipa wa mpandikizo, ukapasuka. Doppla (ultrasound ya mishipa) mapema.

Vorikonazoli HAIMGUSI mukori. Anayeandika vorikonazoli kwa kila fangasi wa pafu anampa mukori wiki nzima ya kula. Inatakiwa amfoterisini ya liposomu mg 5 hadi 10 kwa kilo kuanzia siku ya kwanza, dozi kamili, bila kupandisha polepole. Daktari wa upasuaji wa pua na koo aitwe usiku uleule, kwani dawa haiingii kwenye nyama iliyokufa. Sukari irudi chini kwa insulini. Baadaye, mgonjwa akitulia, posakonazoli ya vidonge: mg 300 mara mbili siku ya kwanza, kisha mg 300 mara moja kwa siku, na hapo mnarudi kwenye hesabu ya theluthi ya takrolimasi.

Aspajilasi (fangasi mwingine wa nyuzi, hasa wa pafu) ndiye wa vorikonazoli: mg 6 kwa kilo kila saa 12 dozi mbili, kisha mg 4 kwa kilo kila saa 12, wiki 6 hadi 12 kwa uchache. Vidonge vimezwe saa 1 kabla au baada ya chakula. Ya kwenye mshipa imebebwa na kemikali inayojaa figo ikiwa dhaifu, kwa hiyo mgonjwa anayeweza kumeza ameze. Mwambieni kuwa ataona mwanga wa ajabu, na ajifunike jua. Ukipima kiwango kuanzia siku ya 4 hadi 7, lengo ni 1 hadi 5.5 mg/l.

#13 SistaWaZamuUsiku

Na Kandida kwenye mkojo? Kila katheta ikikaa wiki, jibu linarudi "Kandida" na flukonazoli inaandikwa.

#14 Mfamasia_Wodini

Sista, umegusa panapouma. Mwenye katheta, hana homa, hana dalili, neutrofili zake sawa: toa katheta, uliza stenti ya mrija wa mkojo inatoka lini, rudia kipimo. Flukonazoli hapo inamletea takrolimasi ya juu bila faida. Akiwa na dalili, au anakwenda kutolewa stenti, ndipo flukonazoli ina kazi, maana inaingia kwenye mkojo. Kaspofunjini na mikafunjini (kundi jingine la dawa za fangasi, za mshipa) haziingii vya kutosha.

Kandida kwenye DAMU ni jambo jingine. Hakuna kuita "uchafu wa sampuli". Kaspofunjini mg 70 siku ya kwanza kisha mg 50, au mikafunjini mg 100. Laini kuu itolewe, damu ioteshwe kila siku au kila baada ya siku moja, macho yakaguliwe, siku 14 zihesabiwe kuanzia kipimo cha kwanza kilichokuja hasi. Kundi hili karibu halimgusi takrolimasi, ndiyo raha yake.

#15 Maabara_Kilosa

Nyongeza kwa Kandida: mashine ikisema "Candida haemulonii", msikubali harakaharaka. Candida auris hutambuliwa vibaya hivyo, na Kenya wameshamripoti. Mara nyingi flukonazoli haimwezi, na anakaa kwenye vitanda na vifaa. Mtengeni mgonjwa.

#16 Dada_wa_Mgonjwa

Samahani wataalamu. Namhudumia kaka yangu, alipandikizwa figo. Ana fangasi za kucha na ulimi mweupe. Duka la dawa wanatoa flukonazoli bila cheti. Mnasema hatari, basi tumpe nini?

#17 Mfamasia_Wodini

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Ulimi: nistatini ya maji, asukutue na ameze, mara 4 kwa siku, haiingii kwenye damu. Jeli ya mikonazoli na vidonge vya kumung'unya vya klotrimazoli msitumie, ingawa vinaonekana vya mdomoni tu. Sehemu inamezwa na inapandisha takrolimasi. Kucha haziui, zinaweza kusubiri kliniki. Dawa za kumeza za kucha ni za wiki nyingi. Ikilazimu, tabinafini haimsumbui takrolimasi kama itrakonazoli, lakini ni daktari wake aamue, ini lake likishapimwa.

Balungi nalo aliache kabisa, tunda na juisi, linafanya kama azoli. Ulimi ukiuma hadi kumeza kunashindikana, umpeleke hospitali, hiyo imeshashuka kooni.

#18 DaktariWilaya

La mwisho kutoka kwangu: kifua kikuu. Pafu lina doa, makohozi hasi, tunaanzisha dawa za TB, baadaye tunagundua ni fangasi. Takrolimasi inafanyaje?

#19 Nefro_Kanda

Inaporomoka. Rifampisini inakiamsha kimeng'enya badala ya kukizuia. Ndani ya wiki moja au mbili mtu anaweza kuhitaji takrolimasi mara 2 hadi 5 ya dozi yake. Vorikonazoli na rifampisini haziwekwi pamoja kabisa, vorikonazoli inatoweka. Kabla hujaanza TB ya kubahatisha kwa aliyepandikizwa, CrAg ya damu, na kama kuna uwezekano, bronkoskopi. Histoplasma (fangasi mwingine wa mapafu) nayo iko Uganda, Kongo na kwetu, na picha yake ni TB mtupu. Ikiwa ni yeye, itrakonazoli kwa mwaka au zaidi. Ya kapsuli inataka chakula na tindikali ya tumbo, na hawa wengi wako kwenye omeprazoli. Simamisha omeprazoli kama inawezekana, au tumia ya maji, ambayo humezwa tumbo likiwa tupu.

Ukisimamisha rifampisini, nguvu yake inabaki kama wiki mbili. Ukianzisha azoli siku ileile, takrolimasi itazama kwanza kisha itapaa. Pima kila baada ya siku 3.

Na muulizeni aliyetoka nje kama anameza diltiazemu (dawa ya presha) au ketokonazoli (azoli). Baadhi ya vituo vya India na Misri vimezitumia makusudi ili mgonjwa ahitaji takrolimasi kidogo, kwa sababu ya bei. Ukizifuta ukidhani hazina kazi, umemshushia takrolimasi.

#20 Fizishani_Pwani

Mfamasia, ulianza na siku ya kuacha, hujaimalizia. Na wengine majibu ya takrolimasi yanatoka Dar baada ya siku 4 au 5.

#21 Mfamasia_Wodini

Kweli mkuu. Kwanza, kila hatua ya kushusha flukonazoli ni kuacha kidogo. Kutoka mg 800 kwenda 400, kutoka 400 kwenda 200: pima siku ya 4 na ya 8 kila mara. Watu wanasubiri siku ya kuacha kabisa, kumbe theluthi ya safari imeshapita.

Mgonjwa wetu wa mfano yuko kwenye mg 2.5 mara mbili na anaacha flukonazoli mg 400. Dawa inakaa: nusu yake inatoka kwa saa 30 hivi kwa figo nzima, na muda mrefu zaidi figo ikiwa dhaifu. Kwa hiyo usirudishe mg 4 siku ileile. Toa damu siku ya 3, na bila kusubiri jibu panda hadi mg 3 mara mbili siku ya 4. Siku ya 7 au 8 toa damu tena na panda hadi mg 3.5 au 4 kulingana na jibu la kwanza, ambalo sasa limefika. Uchujaji ukiwa chini ya 30, sogeza kila hatua mbele kwa siku 3 au 4. Vorikonazoli inatoka haraka, kwa hiyo hatua ya kwanza ni siku ya 2. Posakonazoli na itrakonazoli zinakokota wiki moja hadi mbili, isavukonazoli zaidi. Kreatinini mara mbili kwa wiki kwa wiki 3 zote, hiyo inapatikana kila wilaya. Ikipanda asilimia 20 juu ya ilivyozoea, ni simu kwa kitengo siku hiyohiyo, kwani haiwezekani kutofautisha takrolimasi nyingi, takrolimasi kidogo na amfoterisini kwa kutazama kreatinini peke yake.

Mkishindwa yote, andikeni kwenye jalada la daftari la mgonjwa, kwa kalamu nyekundu: jina la dawa ya fangasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, dozi ya takrolimasi KABLA haijapunguzwa. Anayemhudumia miezi 8 baadaye huenda si yule aliyeipunguza, na bila namba hiyo hatajua arudi wapi.

#22 Dada_wa_Mgonjwa

Kwenye daftari la kaka pameandikwa tu "takrolimasi mg 1 x 2". Hakuna ya zamani.

#23 Mfamasia_Wodini

Dada, tafuta karatasi ya kutokea hospitali alipopandikizwa na cheti cha dawa cha mwezi uliotangulia dawa ya fangasi, au boksi tupu la wakati huo. Piga picha, peleka kliniki kabla dozi ya mwisho ya fangasi haijaisha. Na usibadilishe chapa ya takrolimasi wakati huu. Ya kumeza mara mbili na ya mara moja kwa siku ni vitu viwili tofauti, hata kama mg ni zilezile.